Kozi za arts: nilivyozilinganisha kabla ya kuomba chuo nikiwa Kigoma

Kila mwaka ikifika mwezi wa saba matokeo ya form six yakishatoka simu yangu haipumui, mtoto wa dada, mtoto wa jirani, mtoto wa rafiki yake mama kule Gungu, wote swali ni hilohilo, "dada nina HKL, niombe chuo gani?", yani ile kombi ya History, Kiswahili na English. Na mi huwa nawajibu mbona mnaniuliza chuo, niulizeni kozi. Mtu wa sayansi anayetaka udaktari anajua anaenda kusomea nini, na akikosa anajua amekosa nini. Sisi wa arts majina ya kozi yanafanana mpaka yanachosha alafu ukifungua ndani unakuta vitu tofauti kabisa, na watu wengi wanakuja kujua hayo wakiwa semista ya pili, bumu (hela ya mkopo ya kujikimu) limeisha na kurudi nyuma haiwezekani.

Mi nilimaliza 2019. Nilisoma HKL Tabora, nikarudi nyumbani Ujiji, na jina langu halikutoka kwenye list ya JKT ya mujibu wa sheria. Wenzangu wakaenda kambi ya Bulombora, wengine Mtabila huko Kasulu, mi nikabaki namsaidia mama kuuza mawese na dagaa. Kwaiyo muda nilikuwa nao, na hilo ndo lilinisaidia kuliko akili.

Matokeo yakatoka: Kiswahili B, History C, English D. Hesabu za TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu, zinaenda hivi, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na kiwango cha chini kabisa cha kuingia digrii ni principal mbili (masomo uliyofaulu kuanzia A mpaka E) zenye jumla ya pointi 4. General Studies haimo humo, hata ukiwa na A yake. So kiwango nilikuwa nimevuka vizuri tu, na hapo ndo shida ilipoanza, maana ukiwa umefeli unajua la kufanya, ukiwa umefaulu kiasi kila mtu kwenye ukoo anakuwa na la kusema.

Wa kwanza alikuwa baba mdogo, yeye ni mtu wa halmashauri.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mama, hongera. Haya we jaza ualimu, usihangaike na mambo mengi."

"Ualimu upi sasa?"

"Ualimu upi tena? Kwani upo mwingi?"

Upo mwingi baba mdogo. Nikachukua kauntabuku la mama la madeni, nikaligeuza nyuma nikapiga mistari na rula, kolamu ya kwanza jina la kozi, inayofuata masomo wanayotaka, nafasi, miaka, yaliyomo, fildi, gharama. Ukurasa mmoja una BA with Education, ukiugeuza unakuta mama Zawadi anadaiwa dagaa sado mbili. Mama alikuwa anapita anachungulia anasema haya we endelea, ila kurasa zangu za madeni usizichane.

Kilichojaza kolamu za mwanzo ni ule mwongozo wa udahili wa TCU. Ni pidiefu ndefu, unaishusha kwenye simu, na inatisha kwa sababu ni kubwa, ila ukiijua ni rahisi mno. Kila chuo kina jedwali lake, kila mstari una jina la programu, kodi yake (code), vigezo vya kuingia, pointi za chini ambazo chuo chenyewe kimeweka, idadi ya nafasi na miaka. Watu wanasoma jina tu wanaruka vigezo. Vigezo ndo vya kusoma kwa kidole kabisa neno kwa neno, maana kuna sehemu wanasema principal mbili kati ya masomo haya yafuatayo, na kuna sehemu wanataka somo fulani lazima liwemo, na kuna wengine wanarudi mpaka form four wanakuuliza English ulipata ngapi. Kozi ileile, jina lilelile, chuo hiki wewe unaingia na kile huingii, na pesa ya fomu ukishalipa hairudi.

Nafasi nazo zinasema mambo. Ukiona programu ina nafasi mia kadhaa jua utakaa kwenye ukumbi mkubwa, mhadhiri yupo mbele na maiki, na kama hakuna semina za makundi madogo basi miaka mitatu utaishi kwa madesa, notsi za kurithishana. Mi kwa maoni yangu arts bila semina ni hasara, kwa sababu sisi hatuna maabara, maabara yetu ni kusoma kitu alafu kukibishania mbele ya watu na kukiandika. Kwaiyo nikaongeza kolamu ya semina, na hiyo haipo kwenye mwongozo wowote, lazima uulize mtu anayesoma pale.

Turudi kwenye ualimu. Kuna BA with Education, hii unachukua masomo mawili ya kufundishia, mfano Kiswahili na History, pamoja na masomo ya elimu yenyewe, saikolojia, mitaala, falsafa ya elimu. Kuna Bachelor of Education in Arts, hapa mzigo mkubwa ni elimu yenyewe, somo la kufundishia linakuwa dogo zaidi, na wengi wanaosoma hii wanalengwa kwenda kufundisha vyuo vya ualimu. Alafu kuna BA ya kawaida isiyo na ualimu, BA Kiswahili, BA History, BA Literature, ambayo unazama kwenye somo lenyewe, na baadae ukitaka kuingia darasani unaongeza stashahada ya uzamili ya elimu, mwaka mmoja. Ukisoma matangazo ya Sekretarieti ya Ajira ya walimu utaona wanaandika hivyohivyo, shahada ya ualimu yenye somo fulani, au shahada isiyo ya ualimu yenye hilo somo pamoja na stashahada ya uzamili. Mi nilishusha tangazo la zamani la ajira nikaliweka pembeni ya kauntabuku nikawa naangalia, jina la kozi hii lipo kwenye tangazo? Lipo. Hii je? Halipo. Usisubiri kumaliza chuo ndo usome tangazo la kazi, soma kabla hujaomba.

Na hapa niseme ukweli ambao kwenye vikao vya ukoo hausemwi. Walimu wa arts tupo wengi mtaani. Ajira zikitangazwa sayansi na hisabati ndo wanaotafutwa, na siku hizi walimu wanaitwa kwenye usaili kama kada nyingine, siyo zile enzi za kumaliza na kupangiwa. Hata Bodi ya Mikopo kwenye miongozo yake ualimu wa sayansi umekuwa ukitangulia mbele yetu. Simwambii mtu asisome, mi mwenyewe nimesoma, ila nalinganisha kozi nikijua hilo, siyo kwa kuambiwa "ualimu haukosi kazi" na mtu aliyeajiriwa miaka ambayo cheti kilikuwa kinatafuta mtu.

Sasa kitu ambacho kilinifungua macho kabisa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina vyuo vishiriki, DUCE pale Chang'ombe na Mkwawa kule Iringa, vyote viwili vimeanza 2005, na digrii yao ni ya UDSM. Watu wanagombania Mlimani, kampasi kuu ya UDSM pale Dar, kwa sababu ya jina wakati cheti cha Mkwawa kinaandikwa jina hilohilo. Vivyo hivyo Tabora kuna AMUCTA, kile cha Askofu Mkuu Mihayo, ni chuo kishiriki cha SAUT ya Mwanza. Kwa mtu wa Kigoma hii siyo habari ndogo. Tabora unapanda treni ya jioni unashuka mmeshafika, mama akiumwa unarudi. Mlimani mpaka ufike umekatisha nchi nzima, mwisho wa reli mpaka mwanzo wa reli.

Ila Mlimani pana sifa zake bana, siwezi kudanganya. Kiswahili kwa mfano, pale kuna TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, ukoo wake unaanzia ile kamati ya lugha ya mwaka 1930, ndo wenye kamusi, ndo wenye jarida la Kiswahili na Mulika. Historia pale alifundisha Walter Rodney miaka ya sitini na sabini. Ukiwa na miaka ishirini unasikia hayo majina mwili unasisimka. Lakini Rodney hatakuja kukusahihishia asaimenti. Nikaingia kwenye tovuti za idara, kuna sehemu ya wafanyakazi, wanaandika mhadhiri fulani anajishughulisha na nini, nikawa nahesabu, isimu wangapi, fasihi wangapi, historia ya uchumi, historia ya wapi. Utakuta idara ya Kiswahili mahali watu karibu wote ni wa isimu, fonolojia na mofolojia na sintaksia, na wewe umetoka form six unapenda riwaya na ushairi, utaenda kulia. Mi napenda fasihi, so hilo lilinipunguzia list haraka sana.

Baada ya hapo prospektasi. Hii ndo nyama yenyewe. Kila chuo kinayo, na ndani utakuta kozi zote za mwaka wa kwanza mpaka wa tatu na kredit zake. Kwa utaratibu wa TCU digrii ya kwanza siyo chini ya kredit 360, kama 120 kwa mwaka, kwaiyo ukiwa na kalamu unaweza kuona kwa macho yako ngapi zimeenda kwenye Kiswahili, ngapi History, ngapi elimu. Nilipoweka BA Kiswahili na BA with Education pembeni kwa pembeni nikaona kabisa kwamba kwenye ualimu kozi za fasihi zinabaki chache, nyingine zimekatwa zipishe saikolojia. Hakuna ubaya, ila ujue unanunua nini.

Na usidanganywe na kozi za hiari. Prospektasi zimejaa kozi za hiari tamu mno, uhariri, tafsiri, fasihi ya watoto, historia ya wanawake, unasoma unajiona umeshafika. Kuna dada wa mtaani kwetu alikuwa mwaka wa tatu chuo kimoja, chuo sikitaji, nikampigia picha ile kurasa nikamtumia WhatsApp nikamwambia dada naomba uniwekee tiki zile ulizowahi kuona zinafundishwa. Akarudisha picha ina tiki tatu. Tatu. Zisizo na tiki, pembeni ya moja kaandika "mwl kastaafu", nyingine "wakikosa watu wanaifuta", nyingine kaweka tu alama ya kuuliza. Ile picha moja ilinifaa kuliko tovuti nzima ya chuo, na tangu siku hiyo kila chuo nilikuwa natafuta mtu wa mwaka wa tatu namtumia kurasa, mwaka wa kwanza usimuulize, yeye bado anapigapiga picha kwenye vimbweta.

Huyohuyo dada ndo aliniuliza kitu ambacho sikukifikiria, utaandika tasnifu? Kuna programu mwaka wa mwisho unafanya utafiti wako na kuuandika, na kuna nyingine huandiki au ni hiari. Kama una ndoto za masters au kubaki chuo, hilo liangalie mapema, na ujue tu kwamba kubakizwa kuwa tutorial assistant wanataka GPA kuanzia 3.8, so kozi yenye sapu (mitihani ya kurudia) nyingi kila mwaka nayo ni taarifa.

Fildi nayo. Kwenye ualimu ni mazoezi ya kufundisha, unaenda shule, mkaguzi anakuja kukaa nyuma ya darasa. Niliuliza kila chuo swali moja, mnatupanga nyie au tunachagua mkoa? Kwa sababu ukipangwa Kigoma unalala kwenu unakula kwenu hela ya fildi inabaki, ukipangwa mkoa usio na ndugu ile hela inaishia kwenye chumba.

Wenzangu wengine walienda njia nyingine na naona walifanya vizuri kulinganisha. Mmoja alitaka elimu maalumu, akaona Tabora inamfaa maana AMUCTA wana hiyo kozi na mjini palepale kuna shule ya viziwi ya tangu 1963, yani unachosoma darasani unakiona mtaani. Mwingine akaenda Kifaransa. Watu walimcheka, Kifaransa cha nini, huyo mtoto anajua anachofanya. Kigoma hii, nenda Kibirizi asubuhi maboti yanapoingia kutoka Kongo na Burundi, nenda Nyarugusu kambini ambapo Wakongo wapo tangu 1996, mtu mwenye Kiswahili na Kifaransa, alafu Muha ambaye Kirundi anakisikia bila kufundishwa, huyo halali njaa. Mwingine alitaka akiolojia na urithi, wakamwambia utachimba mifupa, na Ujiji ipo kwenye orodha ya awali ya UNESCO pamoja na njia yote ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu. Ila kozi kama hizo zinapatikana vyuo vichache, kwaiyo kulinganisha kwake siyo chuo na chuo, ni kuuliza nikikosa hapa nafanya nini. Na yule wa kwaya aliyetaka muziki nilimwambia aangalie Makumira Arusha kwa digrii, Bagamoyo pale TaSUBa, chuo cha sanaa, ni diploma, nzuri, ila ni diploma na maombi yake hayaendi na ya TCU.

Gharama nitaenda haraka kwa sababu kila mtu anaijua ya kwake. Enzi zangu bumu lilikuwa 8,500 kwa siku na huwa linachelewa, so mji unaoenda ndo unaamua utakula mara ngapi. Dodoma UDOM hosteli zipo nyingi. Dar chumba cha nje ni moto. Iringa chakula rahisi ila nunua sweta, sisi tuliozaliwa ziwani lile baridi hatulijui. Na fomu za Bodi anza nazo mapema, cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wale wa kusajili vizazi na vifo, mwenyekiti wa mtaa apatikane, wakili apatikane, mdhamini awe na kitambulisho cha taifa, hayo yote ukiwa Dar ni siku moja, ukiwa kijijini huku Uvinza ni nauli na nauli nyingine. Na kabla ya yote hakikisha chuo chenyewe na programu yenyewe vimo kwenye orodha ya TCU ya mwaka huo, watu wa 2017 wanakumbuka vyuo vilivyozuiwa kudahili wanafunzi wapya.

Mwisho kauntabuku lilibaki na mistari minne. Baba mdogo akarudi, maana mwezi wa nane SADC ikapitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, kasikia redioni. "Mama, chukua Kiswahili chenyewe sasa, dunia inakitaka." Nikamwambia baba mdogo nakichukua, ila nakichukua pamoja na cheti cha kuingia darasani. Tukacheka. Nikachaguliwa sehemu mbili, AMUCTA na Mkwawa, zote ualimu, Kiswahili na History. Mama alitaka Tabora, na alikuwa na hoja. Mi nikalinganisha ile kurasa ya fasihi tu, Mkwawa ikazidi, nikachagua Mkwawa.

Kuchagua kwenyewe sasa, tangu 2017 unaomba chuo mojakwamoja, siyo ule mfumo wa pamoja, na ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja unatumiwa kodi (namba ya siri) kwa meseji unathibitisha kimoja kabla siku hazijaisha. Rafiki yangu alikuwa Bulombora, simu hana, kaka yake akaenda kumwombea steshenari mjini, yule mtu wa steshenari akajaza kila kitu haraka haraka na namba ya simu akaweka ya kwake. Kodi ikaja kwenye simu ya steshenari. Kaka mtu anaenda anaambiwa fundi kasafiri kwenda Kibondo msibani, simu haipatikani, dirisha linafungwa kesho yake. Walimpata usiku, kwa namba ya shemeji yake. Kwaiyo mkienda steshenari kodoleeni macho kile kiboksi cha namba ya simu, na mkiona anataka kuwachagulia na kozi pia kwa sababu "hii wanachukua wengi", ombeni fleshi yenu mwende nyingine.